Muzee Bila Miguu wa Ku Tangi ya Maji

Batoto bangu, juzi muliingia mu lupango ya nyumba yangu na simu mu mikono, mumetoka kuzunguka muji yetu ya Baraka kartiye kwa kartiye, munapiga picha ya kuta yenye kuchorwa. Mulishaona vichwa ya salon ya njia ya soko, mulishaona samaki ya duka ya nyavu, na mulishaona bamama ba ku tangi ya maji. Kiisha mumoja wenu, ule wa kofia nyekundu, akaniuliza na heshima yote: "Papa Wilondja, ule muzee wa ku tangi, mbona hana miguu? Tuko na rangi, tunaweza kumumalizia."

Mi nilicheka mpaka nikakohoa. Bibi yangu, muke wa ndoa, akafikiri muliniletea kifo, akakuja na kikombe ya maji. Sikuwajibu ile siku juu ya vile kicheko ilinimaliza nguvu. Leo nawajibu, lakini mutavumilia nipitie njia yangu. Na kabla nisahau: ule muzee, musimuguse.

Muliniuliza tena nilisomea wapi kuchora. Mi sikusomea fasi yoyote yenye iko na banki ya kukalia na kengele. Nilisomea ku Mboko, ku ukingo ya ziwa, mugongo mu muchanga, mutumbwi juu ya uso. Kulikuwa muzee mumoja pale, Papa Asende, njo alikuwaga anaandika majina na maua ku mitumbwi ya bavuvi. Nilimufuata nikiwa kijana wa kiburi mingi, nikamwambia najua kazi. Akanipa jiwe ya kusugua mbao. Nikasugua. Kesho yake nikaomba pinso ya kupakia rangi, akanipa jiwe ingine. Hakukuwa muntu wa maneno. Ukikosea, alikuwa anapiga kopo ya rangi na kijiti: tii, tii. Ukisikia mara mbili, futa uanze upya. Mpaka leo, muntu akigonga sufuria karibu yangu, mukono inasimama yenyewe.

Ninyi munanunua rangi mu kopo, imeshachanganywa, inanuka bupya. Aksanti kwa Mungu, mutumie. Sisi tulikuwa tunaitafuta. Nyekundu tulichimba ku ukingo ya barabara ya kupanda Fizi, tukapepeta udongo na kikwembe ya kuchakaa. Bule, rangi ya ziwa, ilikuwa ile ya kufulia mashati. Nyeusi tulipasua mawe ya radio, zile betri zenye zilishakufa, tukatoa unga ya ndani. Hiyo musifanye, ni sumu, na kikohozi ya Papa Asende naamini ilitoka pale. Nyeupe ilikuwa chokaa. Na kusudi chokaa ishike ukuta, isihamie ku mugongo ya kila muntu mwenye anaegemea, Papa Asende alinifundisha kuitia uji ya muhogo na chumvi. Uji inanata, chumvi inafanya ngumu. Tulipaka vile ndani ya nyumba ya bantu, ikakaa miaka.

Ndani ya nyumba, nimesema. Muishike hiyo, juu mi sikuishika.

Kazi yangu ya kwanza ya peke yangu ilikuwa ku Fizi, kule juu, ukuta ya nyumba ya masomo upande ya barabara. Nilichora wanafunzi mu mulongo, mashati nyeupe, kaptula ya bule, kila mumoja na daftari mu kwapa. Na kwa sababu Fizi iko na mvua, nikasema chumvi nitie ya kutosha. Nikatia na ya kesho. Direktere wa masomo alifurahi, aliita bazazi ba wanafunzi, bakapiga mikono. Nikateremuka Baraka nikitembea katikati ya barabara.

Siku kidogo zikapita, Direktere akanituma neno: Wilondja apande. Nikapanda mbio, nikifikiri ananipa ukuta ya pili. Mama wee! Mbuzi zilikuwa zimejipanga chini ya ile ukuta muzuri kushinda wanafunzi, kila moja na mutoto wake, zinaramba chumvi. Kuanzia magoti kushuka, hakuna kitu. Direktere alisimama pale, mikono mugongoni, akaniuliza na sauti ya polepole: "Wilondja, hawa batoto batafika masomo na nini?"

Bale wanafunzi ba kweli, benye miguu, balicheka mpaka bengine bakalala mu majani. Na kulikuwa mama muzee, mwenye mbuzi, alikuja kunishika mukono kunishukuru. Aliniambia mbuzi zake hazijawahi kuwa na afya namna ile. Toka ile siku, ku Fizi bananiita Bila Miguu. Hata leo nikipanda kule, muntu anaweza kuita "Bila Miguu!" toka ngambo ya barabara, na mi nageuka.

Papa Asende aliposikia, alicheka. Ni mara moja tu nilimuona meno. Kiisha akapiga kopo: tii, tii. Akasema, "Nilikuambia ndani." Akanionyesha namna ya kuponya: chini ya ukuta, urefu wa mbuzi kusimama, unapaka mukanda mweusi ya mafuta ya gari yenye ilishatumika, na masizi ya makala ya jiko. Mbuzi inanusa, inaenda zake. Njo maana kuta yangu yote iko na mukanda mweusi chini. Mulifikiri ni maridadi. Ni mbuzi.

Kingine nilijifunza ku Misisi, kule ya mu zahabu. Kinyozi mumoja kijana aliniita nimuchoree vichwa ku ukuta ya salon. Nikamuchorea vichwa vyenye sijawahi kuona ku muntu: mistari, nyota, mulima kabisa. Bachimbaji bakatoka mu mashimo na vumbi yao, bakaonyesha kidole: "Nataka ile." Masikini kinyozi alijua kukata aina moja tu, ile ya kumaliza yote. Kila muntu aliingia akionyesha nyota, akatoka kichwa kinangaa. Jumapili bakamufuata kinyozi, na kinyozi akabatuma kwangu. Nilitoka Misisi nyuma ya pikipiki nikiwa nimefunika uso. Basi ninyi, mbele ya kuchora, muulize mwenye duka: we unaweza nini? Muchore hiyo. Ukuta ni ahadi, na si we mwenye utaitimiza.

Sasa nafika ku tangi.

Bantu balikuwa balisharudi toka ngambo ya ziwa, kwenye tulikimbia vita, kila muntu anaanza kujenga. Na jirani zetu Barundi balikuwa balikimbilia kwetu, banalima pamoja na sisi. Kartiye ilijaa, na robine ya kutekea maji ilikuwa moja. Bakajenga tangi ya simenti, muviringo, muntu mzima anaweza kuizunguka akiwa anaimba wimbo kidogo. Komite ya maji ikaniita niipambe. Balitaka nichore mikono inanawa na sabuni. Nikabambia, mikono bantu balishaona ya kutosha, kila ukuta ya lopitali ni mikono. Mi nitabachora bamama benyewe.

Nikakaa asubui moja mbele ya robine na kipande ya karton na kala ya jiko, nikachora mulongo vile ilikuwa imesimama. Wa kwanza Mama Bahati, muuzaji wa samaki ya ndakala, mwenye sauti yake inasikika mpaka ku mitumbwi. Kikwembe yake ya kiunoni ilikuwa na picha ya miavuli. Nyuma yake bengine, kila mumoja na bidon yake ya maji na kikwembe yake, juu sisi kwa mbali tunajuana na kikwembe. Wa mwisho kabisa, Mama Goreth. Alitoka Burundi na kitoto Goreth mugongoni, alikuwa anasuka vitunga ya kuuza, kikwembe yake majani ya kijani yenye ilishafifia. Nilibapanga ku upande yenye inaangalia njia, nikatia mukanda mweusi chini, nikashuka ku ngazi.

Furaha ya ile siku, batoto, sina namna ya kuieleza. Bamama bakatupa bidon chini. "Ni mi! Angalia, ni mi kabisa!" Mama Bahati alipima kiuno yake ku ukuta na mikono, akaniambia nimemupunguza, lakini ananisamehe. Mama Goreth alisogea karibu ya ukuta. Alishika kidole ya Goreth, akaigusisha polepole ku ile kikwembe ya kijani.

Kiangazi ikakuja, maji ikapungua. Mulinzi wa robine alikuwa Papa Lulela, muntu wa fimbo moja na masikio yenye imechoka. Bamama balikuwa banagombania zamu, yeye anapiga kelele, habasikii. Siku moja akainua fimbo, akaonyesha tangi: "Mulongo ile pale! Papa Wilondja alishaipanga. Mufuate ukuta!"

Bakacheka. Lakini bakafuata. Kesho tena bakafuata, na kesho ingine hakuna mwenye alicheka. Ile ilikuwa sheria sasa. Mama Bahati aliweza kuchelewa, akachana nywele, akakuja akitembea na hewa ya mukubwa, na fasi yake ya kwanza inamungojea. Na bale benye habakukuwa pale ile asubui nilichora? Papa Lulela alikuwa anabaangalia, anaangalia ukuta, anatingisha kichwa: "Hauko ku ukuta, hauko na zamu." Mama mumoja alinileteaga kuku wa mayai, aniombe nimutie katikati, nyuma ya Mama Bahati. Nilimurudisha na kuku wake. Bibi yangu hajanisamehe ule kuku mpaka leo.

Nilikuwa nafikiri ni michezo, itapita. Kumbe ku mwisho ya mulongo, Mama Goreth alikuwa anafika ku robine wakati inatoa hewa tu. Kila siku. Hakulalamika, hakumwambia muntu. Alikuwa anachukua bidon yake anateremuka ku ziwa, anateka kule, mu maji yenye tunafulia na kuogea na kuosha samaki.

Bibi yangu njo aliniletea habari. Alisimama mu mulango, hakuingia. "Mutoto wa Mama Goreth iko ku lopitali. Anahara, anatapika. Alikunywa maji ya ziwa. Na we unajua juu ya nini."

Nilijua. Nilisikia uchungu, batoto, uchungu ya kweli. Sikukula. Nikachukua ndoo ya chokaa na pinso munene, nikaenda ku tangi kufuta yote, kuanzia Mama Bahati mpaka mwisho. Nikakuta Mama Bahati mwenyewe. Alipoona ndoo, akageuka, akabandika mugongo ku ukuta, mikono wazi.

"Unataka kufanya nini?"

"Kufuta."

"Utafuta sura yangu? Mi niko hai! Muntu anafuta muntu mwenye iko hai?"

"Mama Bahati, kuna mutoto anakufa juu ya hii mulongo."

"Mutoto gani?"

Nikamwambia. Mikono yake ikashuka kidogo, lakini mugongo haukutoka ku ukuta. Hakukuwa mubaya, ule mama, muelewe vile. Nyumba yake iliungua wakati tulikimbia, na picha yote ndani. Ile sura ya ku tangi ilikuwa moja tu yenye alikuwa nayo. Nikaacha ndoo pale pale, nikaenda ku lopitali mikono mitupu.

Goreth alikuwa amelala, serum ku mukono, macho imeingia ndani. Mama yake alikuwa amekaa chini karibu ya kitanda, anasuka kitunga. Nilifikiri nitamuomba musamaha kwanza. Nikasema tu, "Mama Goreth, nilitaka kufuta, Mama Bahati anakatala. Nitarudi nifute kwa nguvu."

"Usifute, Papa."

"Usifute? Na mutoto?"

"Mi toka nitoke kwetu, hakuna fasi ingine naonekana. Pale ku tangi bananiona. Hata kama ni wa mwisho, niko." Akavuta uzi, akaikaza. Kiisha akaniuliza, "Ile tangi iko na kona?"

"Hapana. Ni muviringo."

Akanipa kitunga mu mikono. Kulikuwa uzi mweusi moja inaizunguka katikati. "Nionyeshe fasi ule uzi unaanza."

Nikageuza kitunga. Nikageuza tena. Mi muntu wa macho, kazi yangu ni kuona, na sikuona mwanzo.

"Basi," akasema, akachukua kitunga yake, akaendelea kusuka.

Nilitoka pale mbio nikiwa na mvi tayari. Nikasogeza ngazi, nikaanza nyuma ya Mama Goreth. Nikamutia ule mama wa kuku, bila kupokea kuku. Nikabatia bale bote Papa Lulela alikuwa anabafukuza, na mabinti benye banatekea bamama zao bazee, na Barundi benye balifika nyuma. Kila mumoja alikuja kusimama mbele yangu na kikwembe yake. Mulongo ikaenda, ikazunguka upande yenye hakuna muntu alikuwa anaangalia, ikarudi, mpaka yule wa mwisho nilimusimamisha mbele ya pua ya Mama Bahati. Ikafunga. Robine yenyewe iko chini mu mukanda mweusi, bote banaipita juu.

Asubui nilimaliza, Mama Bahati alikuja na bidon yake. Akaona mugongo ya muntu mbele yake ku ukuta. "Eh! Huyu ametoka wapi?" Hakungoja jibu. Akaanza kufuata mulongo na kidole, akizunguka. Akapotea nyuma ya tangi. Tukangoja. Akatokea upande ya pili, kidole ku kikwembe ya kijani. Akasimama. Akageuka, akazunguka upande ingine, na kidole ikafika tena ku kikwembe ya kijani.

"Papa Wilondja," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kawaida, "Mama Goreth iko mbele yangu ao nyuma yangu?"

"Umejizungukia mwenyewe. Uniambie we."

 Papa Lulela alikuwa na fimbo juu, hajui aielekeze fasi gani. Kiisha Mama Bahati akatoa bidon yake chini ya robine, akaiweka pembeni, akaita na ile sauti yake ya ku mitumbwi: "Mama Goreth! Leta yako! Mutoto akitoka lopitali, anataka maji safi!"

Mama Goreth akaleta. Maji ikajaa mpaka ikamwagika, na hakuna mwenye alisema inamwagika. Goreth alipona, aksanti kwa Mungu na kwa bale bamuganga benye habakulala juu yake. Toka pale desturi ni moja: mwenye mugonjwa anatangulia, mwenye mimba anafuata, bengine vile banafika. Papa Lulela alibaki na fimbo ya kufukuzia mbuzi.

Mi nashukuru, batoto. Nashukuru Papa Asende na jiwe yake, nashukuru hata mbuzi za Fizi. Nashukuru Mama Bahati juu alinikatalia na ile ndoo. Ningefuta, ninyi juzi mungepiga picha ya chokaa. Leo kuko bashi, zile turubai za kuchapwa na mashini, zinatoka Uvira, zinangaa, zinafika zimeshamalizika. Sizichukii. Lakini upepo ya ziwa inazipasua, na hakuna mama amewahi kujitafuta mu bashi.

Macho yangu iliingia wingu, nikaweka pinso chini. Sikuiweka chini hivi hivi, niliiweka mu mukono ya Goreth. Njo yule mulimuona juu ya ngazi, mwenye suruali ya rangi yote. Kila kiangazi anapita ku tangi, anarudishia sura ya bamama, na wapya anabatafutia fasi. Nilimupa na kijiti ya Papa Asende. Siku hizi yeye njo ananipigia kopo.

Sasa, ule muzee. Wiki iliyopita magoti ya bibi yangu ilikatala, nikabeba bidon mwenyewe. Kazi yote ile ya ku tangi, sijawahi kusimama pale kama mwenye kutaka maji. Nilifika, bamama bakanyamaza wote pamoja, na mi nikafikiri ni juu mwanaume amekuja kuteka. Nikanyoosha mukono nijishikilie ku ukuta.

"Papa, usiegemee, haijakauka!" Goreth, toka juu ya ngazi.

Nikasogeza uso karibu, vile nafanya siku hizi. Nikaona kofia. Niliijua ile kofia, ilikuwa ku kichwa yangu. Nikaona bidon ya manjano. Nikashuka na macho polepole mpaka ku magoti, na chini ya magoti hakuna kitu, kuko mbuzi moja ya kuchorwa, ulimi inje.

"Goreth," nikasema, "miguu yangu iko wapi?"

"Uulize mbuzi, Papa."

Bamama balikuwa bameshikilia kile kicheko toka asubui. Ikapasuka, ikaenda mpaka ku njia. Mama Bahati, muzee sasa, alikuwa anajipiga mapaja. Mi pia nilicheka, na mu kicheko nikajisikia nalia, na sikujificha. Kartiye nzima nilishaiweka ku kuta, mi mwenyewe hakuna fasi nilijiweka. Mbele yangu mu mulongo ya ku ukuta kulikuwa kikwembe ya kijani, imesharudishiwa rangi, majani yanaonekana.

Papa Lulela akainuka polepole ku kiti yake, akainua ile fimbo, akaniangalia mi, akaangalia tangi, akarudi kuniangalia.

"Uko ku ukuta, Papa," akasema. "Leta bidon."